Chembe za Damu Zinazofunzwa Kupigana na Kansa ya Figo

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa wanachama, Tawi la Eldoret. Yamepigwa chapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu.)



Mtakumbuka ya kwamba katika mkutano uliopita ililetwa hoja hapa mbele yenu: kila mwanachama akatwe shilingi 1,000 katika mshahara wake kwa muda wa miezi sita, ili mwenzetu, fundi wa karakana ambaye nyote mwamjua, apelekwe ng'ambo akatibiwe kansa ya figo kwa njia mpya. Hoja hiyo haikupigiwa kura. Mlisema, na mlisema vizuri, ya kwamba kwanza kamati iende ikaulize njia hiyo mpya ni kitu gani, yapatikana wapi, na je, yaponya kweli? Tumekwenda, tumeuliza madaktari, tumesoma karatasi, na leo tumerudi na habari. Jina la mwenzetu halitaandikwa katika karatasi hizi, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme yote tuliyoyaona.

Tunaomba mtuvumilie. Habari yenyewe ni ndefu, na hatutaki mtu atoke hapa akisema kamati ilimfunika kwa maneno ya kidaktari.

Figo ni mbili, kila moja yapata ngumi ya mtu mzima, nazo ziko nyuma, chini ya mbavu, moja upande huu na moja upande huu. Kazi yake ni kuchuja damu. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja maji kama lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kile kidogo kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Hakuna kiwanda hapa Eldoret kifanyacho kazi usiku na mchana kwa miaka sabini bila kusimama hata siku moja, tena bila ovataimu.

Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Kila chembe ina sheria yake: huzaliwa, hufanya kazi yake, huzeeka, hufa, na nyingine hushika nafasi yake. Kansa ni chembe iliyokataa sheria hiyo. Hugawanyika ovyo, hukataa kufa, na mwishowe hutoka mahali pake ikaenda kukaa pasipo pake. Wengine huiita saratani. Ni kitu kimoja.

Ubaya wa kansa ya figo ni kimya chake. Mtu aweza kuwa nayo muda mrefu, akibeba magunia na kupanda ngazi kama kawaida. Dalili zinapokuja ni hizi: damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni yasiyokwisha, uvimbe ubavuni, kukonda bila sababu. Mwenzetu aliona damu. Alikwenda zahanati moja akapewa vidonge vya ugonjwa wa njia ya mkojo, na damu ikakoma. Ikarudi. Akaulizwa kwao ni wapi, akasema karibu na Ziwa, basi akapewa dawa ya kichocho. Damu ikakoma tena. Ndugu, damu ya kansa ya figo hukoma yenyewe na kurudi yenyewe, hata bila dawa, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Ilipita miezi kumi na mmoja kabla ya mtu yeyote kumpiga picha ya ultrasaundi. Ni kweli kwamba kwa watu wa Ziwani damu katika mkojo mara nyingi ni kichocho. Lakini damu iliyorudi baada ya dawa yataka picha, na mtu asikubali kurudishwa nyumbani na pakiti ya tatu ya vidonge.

Kansa ikiwa bado imo ndani ya figo, daktari mpasuaji huweza kuitoa pamoja na figo yenyewe, na mtu akaishi kwa ile iliyobaki. Wengi huishi hivyo hata uzeeni. Kwa mwenzetu ilikuwa imekwisha kutoka. Picha zilionyesha imefika mapafuni na katika mfupa wa nyonga.

Hapa tuseme neno moja pembeni kwa wazazi. Kuna kansa nyingine ya figo inayowapata watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitano. Mama humwogesha mtoto akaona tumbo limevimba upande mmoja. Hiyo si kansa hii tunayoizungumza. Ikishikwa mapema watoto wengi hupona kwa dawa za zamani na upasuaji. Mtoto wa namna hiyo apelekwe mara moja hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa hapa hapa mjini mwaka 2015. Asingoje mwisho wa mwezi.

Sasa turudi. Kwa kansa ya figo ya mtu mzima iliyoenea, dawa za kawaida za kuua kansa, zile zinazonyonyoa nywele, karibu hazifanyi kitu. Mionzi hutuliza maumivu ya mfupa, lakini haimalizi ugonjwa. Kwa sababu hiyo madaktari tangu zamani wamekuwa wakitafuta njia nyingine, na njia hiyo ni kuwaamsha walinzi wa mwili wenyewe.

Ndani ya damu mna walinzi. Ni chembe nyeupe za namna nyingi, na walio hodari kati yao huitwa chembe T. Hizo hupita mwilini mwote kama askari wa doria, na kila chembe wanayokutana nayo huitazama kitambulisho. Chembe yenye virusi huuawa palepale. Lakini kansa ni vigumu kuikamata, kwa sababu si mgeni. Ni mtu wa nyumbani aliyevaa yunifomu ya kampuni, na kitambulisho chake kina picha yake mwenyewe. Bawabu humpigia saluti na kumfungulia lango, kumbe ndani ya koti amebeba mali ya wizi.

Kansa ya figo ni moja ya zile chache zilizojulikana mapema kwamba walinzi wakichochewa waweza kuipiga. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliruhusu dawa iitwayo interleukini-2 kwa kansa ya figo iliyoenea. Ilikuwa kama kupiga king'ora katika kambi yote ya askari. Wagonjwa wachache, pungufu ya mmoja katika kumi, waliona kansa ikitoweka kabisa, na baadhi yao haikurudi tena. Wengi hawakuona faida, nao waliugua dawa yenyewe, presha ikashuka, wakalazwa pamoja na mahututi.

Baadaye iligunduliwa ya kwamba chembe T zina breki, na kansa yajua kuikanyaga breki hiyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuifungua. Dawa ya namna hiyo, nivolumabu, iliruhusiwa Marekani kwa kansa ya figo mwaka 2015, na leo katika nchi zenye fedha nyingi dawa hizi ndizo ambazo mgonjwa wa kansa ya figo iliyoenea huanza nazo mara nyingi. Hapa Kenya zapatikana pia. Ila chupa moja hupita mshahara wa miezi mingi wa mfanya kazi wa kawaida, nayo si ya mara moja, ni ya kila majuma machache. Kamati yaona ya kwamba hapo ndipo penye vita vyetu hasa, na tutarudi hapo.

Ile njia mpya iliyotajwa katika hoja yapita mbele zaidi. Haingoji chembe T zijifunze zenyewe. Huzitoa mwilini, huzifundisha, kisha huzirudisha. Kazi yenyewe hufanywa hivi. Damu ya mgonjwa hutolewa mkono mmoja, hupita katika mashine inayozichambua chembe nyeupe, na iliyobaki hurudi kwa mkono mwingine. Huchukua saa kadhaa. Chembe T zilizokamatwa hupelekwa maabara safi kupita chumba chochote cha upasuaji. Huko hutumiwa kirusi kilichokwisha kunyang'anywa silaha zake za kuleta ugonjwa, na kazi iliyobaki kwake ni kubeba barua. Ndani ya barua hiyo yameandikwa maagizo mapya, na chembe T ikiyasoma huota juu yake mkono ambao haikuzaliwa nao, mkono unaoshika alama fulani tu iliyo juu ya chembe ya kansa. Basi hulishwa na kuzalishwa kwa majuma mpaka ziwe mamilioni mengi. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali kidogo za kupunguza chembe nyeupe alizonazo, ili wale askari wapya wapate nafasi. Kisha hurudishiwa chembe zake kwa dripu, kazi isiyofika saa moja. Madaktari huziita CAR-T.

Wazo hilo halikuzaliwa jana. Zelig Eshhar na wenzake katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli waliandika habari zake mwaka 1989. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya Carl June na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuwapa wagonjwa wa kwanza wa kansa ya damu, mwaka 2010, wakaona kansa ikiyeyuka. Mwaka 2012 walimpa msichana mdogo ambaye dawa zote zilikuwa zimemshinda. Karibu afe kwa homa ya dawa yenyewe, kisha akapona, na miaka kumi baadaye alikuwa mzima bila kansa. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ikaruhusu dawa hiyo iuzwe. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa shilingi zetu za siku hizi ni zaidi ya milioni 60, na hapo hujalipa kitanda.

Mwasikia ndugu, hizo zilikuwa kansa za damu. Ndipo tulipowauliza madaktari: na figo?

Katika kansa za damu zilizoponywa hivyo, karibu chembe zote za kansa hubeba alama moja iitwayo CD19. Chembe nyingine za mwilini zinazobeba alama hiyo ni za namna moja tu, nazo mtu aweza kuishi bila hizo akisaidiwa kwa dawa. Kwa hiyo ukiwaambia askari wapige kila mwenye CD19, hasara yavumilika. Kansa iliyo donge, kama ya figo, ni shauri lingine. Alama nyingi zilizo juu yake ziko pia juu ya ini, au mapafu, au moyo. Tena donge lina kuta zake, damu haipiti vizuri ndani yake, na chembe za kansa zilizo humo huwachosha askari mpaka wakalala.

Hili halikusemwa kwa kukisia, lilionekana. Huko Rotterdam, Uholanzi, madaktari walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuwapa wagonjwa wa kansa ya figo chembe za namna hii. Walichagua alama iitwayo CAIX, ambayo kansa ya figo huwa nayo kwa wingi. Wagonjwa walikuwa 12. Habari za kwanza zilichapwa mwaka 2006, na ilionekana ya kwamba alama hiyo iko pia katika vijia vya nyongo ndani ya ini. Askari walifuata amri kama walivyofundishwa: wakalipiga ini. Ikabidi kazi isimamishwe kwa waliopatwa hivyo, na hakuna mgonjwa aliyepunguziwa donge lake. Twawaheshimu wagonjwa wale 12. Bila wao wengine wangeumizwa vivyo hivyo.

Siku hizi wengi wanaitafuta alama nyingine, CD70. Kansa nyingi za figo za namna iliyo ya kawaida huwa nayo, na viungo vyenye afya karibu havina. Mwaka 2024 yalichapwa matokeo ya jaribio moja ambalo chembe T hazikutoka kwa mgonjwa, zilitoka kwa watu wazima wenye afya, zikarekebishwa ili zisimshambulie mwenyeji mgeni wake, zikawekwa tayari katika barafu. Wagonjwa walikuwa 16, wote ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Katika hao mmoja kansa yake ilitoweka yote na miaka mitatu ikapita haijarudi. Kumi na wawili ugonjwa ulisimama kwa muda, haukupungua vya kutosha, wala haukuongezeka. Waliobaki haukusimama. Mwaka 2025 jaribio lingine la CD70 lilitoa habari nzuri zaidi: kwa wale ambao kansa yao ilikuwa na alama hiyo kwa wingi, kama watatu katika kumi donge lilipungua sana.

Ndugu, mmoja katika 16 si kitu cha kucheka. Kwa mtu yule mmoja ni maisha yake yote. Lakini kamati haiwezi kusimama hapa ikawaambia ya kwamba dawa ipo na kinachotukosesha ni nauli. Mpaka kufika mwaka 2025 hapakuwa na serikali hata moja iliyokuwa imeruhusu dawa ya CAR-T iuzwe kwa kansa ya figo. Yote yalikuwa majaribio, na majaribio hayo huchukua watu wachache, huwapima kwanza, huwakataa wengi, na kwa kawaida hayamtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Tena dawa hizi zina hatari zake. Askari wakianza vita hutoa kemikali nyingi mwilini kwa mara moja, mtu akapata homa kali, presha ikaanguka, wengine wakachanganyikiwa wasijue majina ya watoto wao kwa siku kadhaa. Dawa ya kutuliza hali hiyo iko, nayo yafaa, lakini yatakiwa hospitali yenye chumba cha mahututi kilicho tayari saa 24.

Sasa tuseme juu ya ile karatasi yenye picha za rangi. Jamaa za mgonjwa waliipata kwa wakala mmoja anayewapeleka wagonjwa ng'ambo. Yaahidi kuponya "kansa za aina zote kwa chembe za mwili". Yataka shilingi milioni moja mbele, kabla ya safari, zisizorudishwa. Tulimpigia simu tukamwuliza maswali matatu. La kwanza: chembe hizo zatafuta alama gani juu ya kansa ya figo? Alijibu ya kwamba hiyo ni siri ya kampuni. La pili: ni serikali ipi iliyoiruhusu? La tatu: kama ni jaribio, limeandikishwa wapi? Hapo simu ilikatika, na tulipopiga tena haikushikwa. Twaomba kila mwanachama ayakate maswali hayo matatu ayabandike ukutani nyumbani kwake. Daktari wa kweli huyajibu kwa dakika mbili. Na hapa kwetu jaribio lolote la dawa juu ya watu halina budi kupita mbele ya kamati ya maadili. Hata hapa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi wanayo ya kwao.

Ziko sauti zilizosema katika mkutano uliopita: "Mambo haya ni ya Wazungu, sisi tutafute mitishamba." Kamati haikubaliani nazo. Mwaka 2023 Bara Hindi iliruhusu CAR-T yake yenyewe, iliyotengenezwa na watu wa chuo cha ufundi cha IIT Bombay pamoja na hospitali ya kansa ya Tata Memorial. Ni ya kansa za damu, si ya figo, lakini bei yake ni kama moja ya kumi ya ile ya Marekani. Kumi kwa moja, ndugu, na kazi ni ile ile. Waliipunguza kwa kutengeneza wenyewe vitu vingi ambavyo vingenunuliwa ng'ambo. Hata hivyo ni mamilioni ya shilingi, lakini yatuonyesha ya kwamba bei si amri ya Mungu.

Nasi twalijua hilo tangu zamani. Wazee walio hapa wanakumbuka mwaka 2000, jinsi tulivyokuwa tukizika kila Jumamosi, mara nyingine mbili. Dawa za ukimwi zilikuwako, lakini ng'ambo dozi ya mwaka mmoja ilipita dola 10,000, na wako wakubwa waliosema wazi ya kwamba Mwafrika hawezi kutibiwa kwa dawa hizo. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Bara Hindi ilitangaza dola 350 kwa mwaka. Mwaka ule ule Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuleta dawa za bei nafuu, na watu walipiga kelele barabarani mpaka ikapita. Na mwaka ule ule, hapa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yetu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, walianzisha AMPATH. Hospitali hiyo yenyewe ilianza mwaka 1917 kama kituo kidogo cha wagonjwa, katika mji huu ambao hapo kwanza uliitwa kwa namba ya shamba, 64, jina ambalo wazee wetu waligeuza kuwa Sisibo. Leo hapo pana jengo la Chandaria la kansa na magonjwa ya kudumu. Wala si mara ya kwanza Afrika ya Mashariki kuifundisha dunia juu ya kansa: watoto wa Uganda na Kenya waliokuwa na kansa ya taya, ile ambayo daktari Denis Burkitt wa Mulago aliiandika mwaka 1958, walikuwa kati ya wa kwanza kuonyesha ya kwamba kansa yaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Kwa hiyo tulipouliza ni nini kingetakiwa ili chembe hizi zifundishwe hapa Eldoret siku moja, hatukuuliza kwa mzaha. Jibu ni vyumba safi, mashine za kuchambua damu, naitrojeni ya kugandishia, umeme usiokatika, vitanda vya mahututi, na zaidi ya yote mafundi wa maabara waliofunzwa na kulipwa vizuri. Hayo yote ni kazi za mikono ya watu. Hatukusikia kitu kimoja ambacho hakiwezekani.

Basi, fedha. Kamati yapendekeza hoja ya kumpeleka mwenzetu ng'ambo isipite, na mahali pake iwekwe hii. Makato yawe shilingi 300, si 1,000, kwa miezi ile ile sita. Zilipe kwanza picha na vipimo vya kipande cha kansa ambavyo bima haikuvilipa. Zilipe nauli na chumba cha mke wake karibu na hospitali, maana sasa analala kwenye benchi. Zilipe sehemu ya dawa za kufungua breki, ikiwa madaktari wataona zamfaa, wakati ombi lake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii likishughulikiwa. Sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya mfuko huo. Ulipoanza mwezi wa Oktoba 2024 ulitangaza shilingi 400,000 kwa matibabu ya kansa kwa nyumba moja kwa mwaka, na 150,000 za ziada kutoka mfuko wa magonjwa mazito. Mwaka 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche juu ya dawa moja ya kansa ya matiti, bei ya kila dozi ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, nazo 40,000 zikalipwa na mfuko. Kama yawezekana kwa matiti, katibu ataandika barua kuuliza kwa nini isiwezekane kwa figo, na barua hiyo twataka iende na sahihi za watu wote waliomo humu.

Tulimwendea mwenzetu na mapendekezo haya kabla ya kuwaletea ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema afadhali hivyo, kwa kuwa alikuwa akiogopa watoto wa wenzake wafukuzwe shule kwa ajili yake. Kisha akauliza kama maumivu ya nyonga yanaweza kupunguzwa usiku. Jambo hilo dogo hakuna aliyekuwa amelifikiria, sote tulikuwa tukitazama ndege. Sasa anapata morfini ya kunywa, na anasema analala. Walio na mgonjwa wa maumivu nyumbani waulize hospitalini au hospisi ya hapa Eldoret. Dawa hiyo ni ya bei ndogo na si dhambi kuinywa.

La mwisho ni la karakana. Sababu za kansa ya figo ni nyingi, na sigara, presha na unene zimo. Lakini iko moja inayotuhusu sisi tu. Trikloroethilini, maji yale yenye harufu tamu ya kuondolea grisi kwenye vyuma, mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliyaweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa watu, na kansa waliyoitaja ni ya figo. Mwenzetu alisafisha vyuma kwa miaka kumi na tisa, na mara nyingi kwa mikono mitupu. Hatusemi ya kwamba maji aliyotumia yalikuwa hayo. Mapipa hayakuwa na maandishi, na hilo lenyewe ni kosa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka huo huo yahusu pia magonjwa yaletwayo na kazi, lakini bila maandishi hakuna madai.

Kwa hiyo karani ameketi pale mlangoni na daftari. Kila mwanachama aliyewahi kusafisha vyuma kwa maji ya kuondolea grisi, hapa au mahali pengine, aandike jina lake, karakana, mwaka alioanza na mwaka alioacha, na rangi au harufu ya maji hayo kama aikumbuka. Waliostaafu waletewe habari na jirani zao. Walioona damu katika mkojo wasiandike daftarini mbele ya watu. Wamwone katibu baada ya mkutano, atawapa barua ya kwenda kupigwa picha siku ya Jumanne.

Bwana Mwenyekiti, hoja iko mbele yako.